Kipandauso cha sainasi: ubonyeze, uoshe pua au ujifukize?

Masika yakiingia na kuta za nyumba za Mji wa Kale zikaanza kuota kuvu, au Julai kusi inapovuma na nusu ya mtaa ina mafua, watu wengi Mombasa huamka na uso mzito. Paji linagonga, mashavu yanauma mpaka kwenye meno ya juu, na mtu akienda sijda anahisi uso wote umejaa kama kibuyu cha maji. Njia za nyumbani anazoelekezwa ni tatu: kubonyeza vituo vya uso na mkono, yaani akupresha, kuosha pua kwa maji ya chumvi, na kujifukiza. Zote zina nafasi. Watu hukosea wanapoitaka moja ifanye kazi ya nyenzake.

Akupresha hupunguza maumivu kwa muda, lakini haitoi kamasi. Maji ya chumvi hutoa kamasi, ila usitarajie maumivu yakatike dakika ileile. Mvuke hulainisha na kupasha joto, basi. Ukilishika hilo, kuchagua si kazi.

Kwanza hakikisha ni sainasi

Neno letu kipandauso limebeba magonjwa mawili, na hapo ndipo wengi hupotea. Sainasi, neno tunalolitumia pia kwa ugonjwa wake, ni matundu yenye hewa ndani ya mifupa ya uso: juu ya nyusi, ndani ya mashavu, katikati ya macho, na nyuma zaidi katikati ya kichwa. Kila tundu humwaga ute wake puani kupitia kijia chembamba sana. Mafua au mzio ukivimbisha ngozi ya ndani ya pua, kijia huziba, ute hulala ndani, na shinikizo huanza. Maumivu ya namna hiyo huja pamoja na pua iliyoziba, kamasi nzito, kupotelewa na harufu, na huzidi ukiinama. Rangi ya kijani peke yake haimaanishi kwamba unahitaji antibiotiki. Sainasi nyingi zinazotokana na mafua ni za virusi, na hupungua zenyewe ndani ya siku 7 hadi 10.

Kipandauso cha pili, kile Waingereza wanachokiita migraine, hakihusiani na kamasi. Hupiga kama ngoma, mara nyingi upande mmoja, huleta kichefuchefu, na mgonjwa hutaka chumba cha giza kisicho na kelele. Bila dawa hudumu saa 4 hadi 72. Kinachochanganya ni kuwa nacho huweza kutoa machozi na majimaji puani, ndiyo maana wengi wanaojitibu sainasi mwaka baada ya mwaka, bila mafua wala kamasi nzito, wana hicho cha pili. Kuosha pua hakuwasaidii. Kubonyeza huenda kukawapa nafuu kidogo, lakini wanahitaji dawa nyingine kabisa.

Na kwa mkazi wa Mombasa kuna jambo la tatu. Homa pamoja na maumivu ya kichwa ni ya kupimwa malaria kabla ya kitu kingine chochote. Maumivu nyuma ya macho pamoja na homa kali na viungo kuvunjika yaweza kuwa dengi, ambayo imeshazuka mjini hapa zaidi ya mara moja, mwaka 2013 na 2017 miongoni mwao. Ukishuku dengi meza parasetamoli tu. Aspirini na ibuprofeni huongeza hatari ya kutoka damu.

Tukiziweka kando kwa kando

| | Kubonyeza | Kuosha pua | Kujifukiza |
|---|---|---|---|
| Muda | Dakika 5 hadi 10 | Dakika 5, mbali na kuchemsha na kupoza maji | Dakika 10 |
| Nafuu huja | Mara moja, huisha baada ya muda mfupi | Polepole, hujengeka siku hadi siku | Ukiwa bado mvukeni, hupungua ukiondoka |
| Hufaa zaidi | Maumivu ya nyusi na mashavu | Kamasi nzito, vumbi, mzio | Kichwa kizito, pua kavu iliyoganda |
| Hatari kubwa | Kubonyeza pabaya au kwa nguvu | Maji yasiyochemshwa | Kuungua |
| Mahali | Popote, hata foleni ya feri | Penye sinki au karai | Nyumbani tu |

Akupresha: vituo vitano vinavyotosha

Chati za Kichina zina mamia ya vituo, lakini kwa sainasi hivi vitano vinatosha. Osha mikono, kata kucha, kisha kausha uso na vidole kwa kitambaa. Hilo la kukausha si dogo. Kwa jasho la Mombasa kidole huteleza, na kidole kinachoteleza huisugua ngozi tu na shinikizo halifiki chini. Usipake mafuta, mafuta ni ya kukanda, na huku si kukanda.

Kituo cha kwanza kiko kwenye chanzo cha nyusi. Weka ncha ya kidole cha shahada penye kona ya ndani ya jicho, panda nayo juu hadi ufikie ukingo wa mfupa, kisha itembeze taratibu kuelekea nje. Chini ya kichwa cha nyusi utahisi kidole kimeingia kwenye kijishimo kidogo, na hapo pana uchungu mkali kuliko pembeni yake. Ukiupata uchungu huo umefika. Mishipa ya fahamu ya paji la uso hupanda karibu na hapo, ndiyo sababu mbonyezo husikika mpaka juu. Bonyeza pande zote mbili kwa pamoja, ukisukuma juu dhidi ya mfupa. Usisukume nyuma, kwa sababu nyuma kuna jicho.

Cha pili kiko kando ya bawa la pua, kwenye mfereji ule unaoanza puani na kushuka mdomoni. Bonyeza ndani na juu kidogo. Wengi husema pua hufunguka wakiwa hapo. Uvimbe wa ndani hauondoki kwa kidole, lakini hisia hiyo ni ya kweli na humpa mtu pumzi ya kulalia.

Cha tatu ni cha mashavu. Tazama mbele, shusha mstari kutoka mboni ya jicho mpaka usawa wa chini ya pua. Hapo uko chini ya mfupa wa shavu. Ingiza kidole chini ya mfupa na usukume juu, kama mtu anayetaka kuuinua. Kama meno ya juu yanauma, anzia hapa, kwa maana mizizi ya magego ya juu iko karibu sana na sakafu ya tundu la shavu.

Cha nne ni nyuma ya kichwa, vishimo viwili chini ya fuvu, kila kimoja katikati ya misuli miwili minene ya shingo. Tumia vidole gumba, sukuma juu kuelekea machoni. Hiki ni cha uzito unaoshuka mpaka shingoni. Kaa nyuma tu. Usibonyeze pembeni wala mbele ya shingo, panapopita mishipa mikubwa ya damu.

Cha tano ni cha mkono. Bana kidole gumba na cha shahada, utaona kinundu cha nyama upande wa mgongo wa mkono. Weka gumba la mkono wa pili juu ya kinundu hicho, achia mkono ulegee, kisha bonyeza kuelekea mfupa wa kidole cha shahada. Kimesifiwa sana kwa maumivu ya kichwa na ya uso, na ndicho kinachofaa pale uso wenyewe unapouma mno kuguswa. Mja mzito akiache: wataalamu wa Kichina hukiepuka kwa kuhofia kuchochea uchungu wa uzazi.

Kila kituo kipe dakika 1 hadi 2. Ongeza nguvu polepole ndani ya pumzi tatu nne, shikilia bila kusugua, halafu achia polepole vilevile. Uchungu uwe wa kuvumilika. Ukianza kukunja uso, umezidisha, na misuli uliyotaka ilegee imekaza. Rudia mara tatu au nne kwa siku.

Inaposhindwa, sababu huwa moja kati ya hizi: sekunde tano kwa kila kituo kisha mtu akakata tamaa, kidole kukosa kishimo kwa nusu sentimita, au kubonyeza kwa nguvu juu ya mfupa uliovimba ndani, jambo linaloongeza maumivu badala ya kuyapunguza. Kama shavu limevimba kwa nje, jekundu na lina joto, usibonyeze kabisa, nenda kwa daktari. Usibonyeze chunusi wala jipu katikati ya pua na mdomo, maana mishipa ya damu ya eneo hilo huwasiliana na ile ya ndani ya fuvu na uchafu unaweza kupanda. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda abonyeze kwa wepesi, la sivyo atabaki na madoa ya damu iliyovilia chini ya ngozi.

Na tusidanganyane kuhusu ushahidi. Tafiti za akupresha kwa sainasi ni chache na ndogo. Inayoweza kuaminiwa ni nafuu ya muda ya maumivu, bila gharama na karibu bila hatari. Anayeahidi kuwa itaponya sainasi sugu anauza kitu kingine.

Kuosha pua: kazi yote iko kwenye maji

Kama ni kuchagua njia moja ya kushikamana nayo, chagua hii. Utafiti uliofanywa Uingereza kwa wagonjwa 871 wenye sainasi sugu au inayorudirudi, uliochapishwa 2016, ulilinganisha kuosha pua na kujifukiza. Waliohimizwa kuosha pua walipata nafuu ya kiasi iliyoonekana hata baada ya miezi 6. Waliojifukiza walipungukiwa na maumivu ya kichwa, lakini dalili nyingine zilibaki palepale.

Maji yachemshwe mpaka yatokote kwa dakika 1 nzima, yafunikwe, yapoe hadi uvuguvugu wa mwili. Hapa hakuna njia ya mkato. Kwenye maji yasiyosafishwa kunaweza kuwa na amiba anayeitwa Naegleria fowleri. Ukimnywa, tumbo humuua. Akipanda puani hufika ubongoni, na karibu kila anayeugua hufa. Ni nadra sana, lakini mwaka 2011 katika jimbo la Louisiana, Marekani, watu wawili walifariki baada ya kuosha pua kwa maji ya bomba. Kwa hiyo maji ya bomba, ya boza, ya mtungi wa mkokoteni na ya kisima yote yachemshwe. Hata maji ya chupa ya kunywa yachemshwe, kwa kuwa hayakutengenezwa kwa ajili ya pua.

Kuna dhana mbili za pwani zinazohitaji kukatwa mapema. Ya kwanza: kwamba maji ya kisima chenye chumvi tayari ni dawa. Chumvi ile haina kipimo na kisima huenda kimepakana na shimo la choo. Ya pili: kwamba maji ya bahari yanafaa kuliko yote. Bahari ina takriban gramu 35 za chumvi kwa lita; pua inataka 9. Mara nne ya kipimo huunguza ngozi laini ya ndani, mbali na taka zinazomwagika baharini.

Gramu 9 kwa lita maana yake ni hivi: nusu lita ya maji, robo tatu ya kijiko cha chai cha chumvi laini, kilichosawazishwa kwa kisu. Ukipenda ongeza soda ya kuokea, ncha tu ya kijiko, hupunguza mwasho. Soda ya kuokea, si bekin pauda, na kwa hali yoyote si magadi ya kulainishia maharage. Magadi ni makali na yataichoma pua. Chumvi ya mezani nchini Kenya hutiwa madini joto kwa mujibu wa sheria. Haidhuru, ila baadhi ya watu huwashwa nayo. Chumvi ya mawe kama inavyotoka kwenye mashamba ya Gongoni na Marereni ina mchanga na uchafu, iache kwa samaki. Asiyetaka kupima anunue kemisti chupa ya maji ya dripu ya chumvi ya asilimia 0.9: ni safi, kipimo tayari, apashe tu joto kwa kuzamisha chupa kwenye maji moto.

Chombo bora ni chupa ya kubana. Sirinji ya mililita 20 isiyo na sindano hufanya kazi, ila utaijaza mara nyingi. Buli dogo lenye mdomo laini pia linatosha.

Inama juu ya sinki, geuza kichwa upande, fungua mdomo na upumue kwa mdomo. Mimina kwenye tundu la juu takriban mililita 120. Maji yatatokea tundu la chini. Badilisha upande. Usimeze mate wala kusema katikati, kwani ndipo maji hukimbilia sikioni. Kama pua imeziba kabisa na maji hayatokei, usilazimishe. Weka kwanza kitambaa cha moto usoni dakika 5, ujaribu tena. Ukimaliza penga taratibu, tundu moja moja. Kubana yote mawili husukuma uchafu masikioni. Kisha inama mara kadhaa, kichwa chini, kichwa upande. Maji hubaki ndani ya matundu ya mashavu, na mtu asiyejua hushtuka nusu saa baadaye yanapomwagika kwenye msala akisujudu. Kwa sababu hiyohiyo osha angalau saa moja kabla ya kulala.

Ukiunguzwa, tafuta sababu kwenye chumvi: maji matupu huunguza sawa na chumvi iliyozidi. Na hapa ndipo kupandisha maji puani kwenye udhu kunapotofautiana na tiba hii. Maji ya udhu ni kidogo, hayana chumvi, na hayafiki ndani ya kutosha kusomba kamasi nzito.

Mchanganyiko uliobaki umwage baada ya saa 24. Chupa ioshwe na ianikwe kichwa chini penye upepo, si bafuni. Kwa unyevu wa huku, chupa inayoachwa na matone ndani huota kuvu haraka.

Kujifukiza

Njia ya wazee, na ina raha yake: sufuria, leso kichwani, mchaichai au majani ya mkaratusi. Joto hulegeza na hupunguza uzito wa kichwa. Lakini hewa ya Mombasa tayari ina unyevu mwingi, kwa hiyo kinachosaidia hapa ni joto kuliko unyevu, na joto hilohilo unalipata kwa taulo iliyochovywa maji moto na kukamuliwa, bila sufuria ya kumwagika. Ukishikilia kujifukiza, epua sufuria, iweke mezani (kamwe si mapajani), subiri dakika 2 mvuke mkali upungue, kaa umbali wa sentimita 30. Watoto wasifukizwe; kuungua kwa maji ya kujifukizia ni ajali inayojulikana vizuri hospitalini. Kafuri na mentholi zisikaribie mtoto chini ya miaka 2, na kwa mtu mzima zijue zilivyo: mentholi hudanganya mishipa ya fahamu ihisi ubaridi, pua inabaki ilivyokuwa.

Udi na ubani si kujifukiza kwa dawa. Moshi ni moshi, na pua iliyovimba huchukia moshi. Mafuta ya habasoda yanywe au yapakwe, lakini usiyadondoshe puani kila siku. Mafuta yanayoteleza hadi mapafuni huleta nimonia ya aina yake.

Matone ya kemisti ya kuzibua pua, kama zailometazolini, hushinda zote kwa kasi. Yatumie siku 3, zisizidi 5. Baada ya hapo pua huvimba kila dawa inapoisha nguvu, na mtu hubaki mtumwa wa kichupa.

Kwa hiyo, kwa hali yako

Uko kazini, kwenye matatu, au umekwama foleni ya feri Likoni: bonyeza. Anza na kituo cha mkono, kwa sababu vidole vilivyoshika vyuma vya matatu havifai usoni.

Umefunga mchana wa Ramadhani: bonyeza. Aliyefunga ameelekezwa asizidishe kupandisha maji puani, kwa hiyo kuosha kupangwe baada ya futari na tena kabla ya daku.

Mja mzito: osha pua na weka taulo ya moto, bonyeza usoni, acha mkono. Unafanya kazi kwenye vumbi, la saruji, la nafaka bandarini au la seremala: osha kila ukirudi nyumbani, maumivu yawepo yasiwepo. Una kipandauso cha usiku kinachokunyima usingizi: taulo ya moto dakika 5, osha pua, subiri, kisha bonyeza vituo vyote vitano ukiwa umeegemea mito miwili. Utaratibu huo una maana. Joto hulegeza, maji yanapata pa kupita, na vidole vinamalizia maumivu yaliyobaki. Parasetamoli vidonge 2 vya miligramu 500 haviharibu chochote kati ya hivyo, mradi mtu mzima asipite vidonge 8 kwa saa 24.

Zimepita siku 10 bila nafuu, au ulipata nafuu kisha ikarudi kwa nguvu, au una homa ya nyuzi 39 na usaha puani kwa siku 3 mfululizo: muone daktari, huenda sasa ni bakteria. Harufu mbaya upande mmoja pamoja na jino linalouma, anza kwa daktari wa meno. Na jicho likivimba au likaanza kuona vitu viwili viwili, shingo ikakakamaa, kichwa kikauma kuliko ulivyowahi kuumwa, au mgonjwa akaanza kuweweseka, acheni vidole, acheni sufuria, nendeni hospitali usiku huohuo.